Maridhiano

Zanzibar ililipa neno hili uzito tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume alipokutana Ikulu na Maalim Seif Sharif Hamad. Kabla ya hapo vyama vyao, CCM cha Karume na CUF cha Maalim Seif, vilikwisha kutia saini miafaka miwili, wa 1999 na wa 2001, huo wa pili miezi michache baada ya damu kumwagika Pemba. Muafaka huandikwa, na wanaouandika waweza kubaki mahasimu. Na mahasimu walikuwapo: watu walisusiana madukani, misikitini, hata mazikoni. Kususa maziko ya jirani! Kwa Waislamu wa mtaa mmoja, hakuna mpasuko mchungu kuliko huo.

Maridhiano hutoka katika kuridhiana, na ile -ana haimwachi mtu pembeni: mimi niwe radhi nawe, nawe uwe radhi nami. Ndiyo maana Wazanzibari waliulizwa wenyewe, kwa kura ya maoni ya 31 Julai 2010, na takriban thuluthi mbili wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Nasikitika ninaposikia kikao cha faragha cha vigogo wawili kikiitwa maridhiano. Hayo ni mazungumzo.