Kutoka Kanda Mama hadi Mlio wa Simu: Mageuzi ya Sheria ya Hakimiliki na Riziki ya Msanii wa Kampala

Historia ya hakimiliki nchini Uganda huelezwa kwa kawaida kama mfuatano wa sheria tatu: Sheria ya Uingereza ya 1911 iliyoenezwa katika himaya yake, Sheria ya Hakimiliki ya 1964, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 2006. Makala haya yanaitazama historia hiyo kutoka upande wa mtu aliyeishi kwa kuimba, kupiga ala au kuigiza mjini Kampala. Swali lake ni hili: kila sheria ilipokuja, ilikuta riziki ya mtu huyo ikipatikana kwa njia gani?

Ikumbukwe kwamba dola ilimtambua msanii kama mtu wa kuchungwa kabla ya kumtambua kama mmiliki. Sheria ya kudhibiti michezo ya jukwaani na burudani za hadhara ni ya 1943. Imeitangulia Sheria ya Hakimiliki ya Uganda huru kwa zaidi ya miaka ishirini, na kanuni mpya zilitungwa chini yake mwaka 2019. Byron Kawadwa, mtunzi wa tamthilia aliyeuawa mwaka 1977 baada ya kurejea kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos, alikuwa na hakimiliki kamili kwa mujibu wa Sheria ya 1964. Haikumfaa kitu. Wanaoshauri serikali leo wasiisahau sura hii, kwa kuwa wasanii wengi wanapoombwa kujiandikisha katika ofisi ya umma hujiuliza kwanza orodha hiyo itatumiwaje.

Chama cha kukusanya mirabaha, UPRS, kilianzishwa mwaka 1985, lakini uchumi wa muziki wakati huo ulikuwa wa kaseti. Mwanamuziki alirekodi, akapeleka kanda mama kwa msambazaji katikati ya mji, akalipwa mara moja, na biashara ikaishia hapo. Ni desturi kuuita utaratibu huo unyonyaji. Ulikuwa unyonyaji kweli, ila maelezo hayo hayatoshi. Vibanda vya kunakili kanda viliweza kuimaliza thamani ya albamu katika muda mfupi, na msambazaji ndiye pekee aliyekuwa tayari kutoa fedha taslimu kabla hilo halijatokea. Mrabaha, kwa upande wake, ulikuwa ahadi isiyo na mkusanyaji mwenye nguvu. Redio binafsi zilipoanza mwaka 1993, Sanyu na kisha Capital, nyimbo ziligeuka malighafi ya biashara ya matangazo. Hata hivyo, vituo viliendelea kuona kucheza wimbo kuwa ni kumsaidia mwimbaji, na waimbaji wenyewe mara nyingi walikubali hesabu hiyo, kwani redio ndiyo iliyojaza kumbi.

Sheria ya 2006 ilitungwa katika mazingira mengine. Uganda ilikuwa mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1995, na muda wa awali waliopewa nchi maskini kutekeleza mkataba wa TRIPS ulikuwa uishe Januari 2006, ingawa uliongezwa mwishoni mwa 2005. Sheria hiyo iliwapa watumbuizaji haki zao wenyewe, ikalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na ikaweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka minne au faini isiyozidi shilingi milioni mbili, au vyote viwili. Kiwango hicho cha faini hakimtishi mfanyabiashara yeyote mkubwa. Isitoshe, mpiga gitaa anayelipwa kwa siku studioni alipata haki bila mkataba wa maandishi wa kuithibitisha, na huyu ndiye msanii mfanyakazi hasa. Mijadala ya mageuzi imekuwa ikimsikiliza zaidi mwimbaji mwenye jina.

Mwaka 2022 Uganda ilijiunga na Mkataba wa Berne, na mswada wa marekebisho wa 2025 ukaingiza suala la milio ya miito ya simu. Kenya ilitangulia: marekebisho yake ya 2022 yalimtengea mwenye kazi si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo. Ni hatua kubwa, lakini asilimia ni ya kiasi ambacho kampuni ya simu ndiyo inayokihesabu. Bila wajibu wa kisheria wa kufungua vitabu hivyo kwa mkaguzi huru, mgawanyo wowote utabaki kutegemea neno la mlipaji.

Lipo pia suala la nyimbo za zamani. Kwa hesabu ya miaka 50, kazi za Philly Lutaaya, aliyefariki mwaka 1989, zinalindwa hadi 2039. Za Elly Wamala hadi 2054. Za Paulo Kafeero hadi 2057. Yule aliyeuza kanda mama enzi za kaseti, je, aliuza pia mlio wa simu, kitu ambacho hakikuwapo? Sheria ya 2006 inataka uhawilishaji wa haki uwe wa maandishi, na mauzo mengi ya wakati ule yalikuwa ya maneno au ya stakabadhi fupi. Mswada wowote wa marekebisho unapaswa kutamka wazi kwamba haki ya matumizi ambayo hayakutajwa katika mapatano ya zamani inabaki kwa mtunzi au warithi wake, na kwamba anayedai kuinunua ndiye mwenye mzigo wa kuleta hati.