Kipande na Cheti cha Fundi

Ukienda leo kutafuta kazi mjini Nakuru, hapana budi utaulizwa mambo mawili: kipande chako ki wapi, na vyeti vyako vi wapi? Kwa kipande watu humaanisha kitambulisho cha taifa. Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu wa ualimu asili ya jina hilo, na wengi walidhani chaitwa hivyo kwa sababu ni kidogo. Nimeona yafaa nikueleze habari zake, maana ndani ya neno hilo limo swali ambalo halijakwisha hata leo: ni nani apasaye kushuhudia ujuzi wa mfanyakazi, na ushahidi huo uwe mali ya nani?

Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900. Baada yake walikuja walowezi, wakapewa mashamba makubwa Njoro, Molo, Rongai, Subukia na Naivasha. Lord Delamere alianza shamba lake la Njoro mwaka wa 1903. Lakini ardhi bila mikono haileti mavuno. Mikono ilitoka Ukikuyuni, Nyanza, na kwa majirani Wakipsigis na Watugen. Wengi walikaa mashambani humo na jamaa zao na mifugo yao, wakaitwa maskwota, na sheria ya mwaka wa 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka.

Watu hawa walijifunza mengi. Aliyekuja hajui ila jembe alijua baada ya miaka michache kuongoza maksai wa plau, kukamua ng'ombe wa kizungu, kuunga gurudumu la gari, kupiga randa, kufua chuma. Hakuna aliyewapa cheti. Mtumishi wa nyumbani aliweza kupewa barua na bibi aliyemwacha, kwamba fulani ni mpishi mwema na si mlevi, naye akaitunza kama dhahabu. Fundi wa shamba hakuwa na kitu, ila kile kipande.

Kwanza neno lenyewe. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa karatasi ya kuhesabia siku thelathini za kazi. Kenya kikawa jambo zito zaidi. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka wa 1915, lakini kwa ajili ya Vita Kuu haikutekelezwa mpaka vita vilipokwisha, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alipaswa kuandikwa jina, kabila na wilaya yake, na kutiwa alama za vidole. Karatasi ilikunjwa ikawekwa ndani ya kikopo cha bati, na kikopo kikafungwa kamba kikavaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Aliyekutwa hana alitozwa faini au alifungwa.

Sasa tazama yaliyoandikwa ndani yake. Palikuwa na nafasi ya jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Ukiyasoma haraka utasema, hiki ni cheti kizuri cha kazi! Mwajiri wa Molo aweza kujua mara moja kwamba mtu huyu alikuwa seremala huko Njoro. Hivyo ndivyo walivyosema walioitetea sheria hiyo. Lakini hebu tumfikirie huyo seremala, kwa mfano tu. Alianza kazi hajui kitu, akalipwa mshahara wa kibarua. Miaka minne baadaye atengeneza milango na meza. Akienda kwa bwana mwingine, yule bwana hatazami meza; atazama ule mshahara ulioandikwa, kisha asema, “Ulikuwa ukilipwa hivi, nami nitakulipa hivyo hivyo.” Kipande hakikupima mikono yake. Kilipima bei aliyokubali zamani, kikamfuata nayo kila aendako.

Tena kulikuwa na ile sahihi ya kuachishwa kazi. Pasipo sahihi ya bwana wa kwanza, bwana wa pili hakuruhusiwa kumwajiri. Bwana mwenye hasira aliweza kukataa kutia sahihi. Mfanyakazi akitoroka, alama za vidole zilizowekwa Nairobi zilitosha kumtafuta po pote nchini na kumrudisha mbele ya hakimu. Kwa hiyo, ingawa karatasi ilining'inia shingoni mwa mfanyakazi, yeye hakuwa mwenyewe.

Si Kenya peke yake iliyobuni jambo la namna hii. Ufaransa, wakati wa Napoleon, mwaka wa 1803, iliwalazimisha wafanyakazi wake kuchukua kijitabu cha kazi ambacho mwajiri alikijaza. Hakikufutwa kabisa mpaka mwaka wa 1890. Tofauti ni kwamba Mfaransa hakukivaa shingoni.

Watu hawakunyamaza. Mwaka wa 1921 walowezi walipokubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi moja, Harry Thuku na wenzake walipiga kelele juu ya mishahara, kodi na kipande pamoja. Thuku alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kumtaka afunguliwe walipigwa risasi, wengi wakafa. Kipande kikabaki. Kilichokitikisa hasa ni vita vya pili. Askari waliorudi kutoka Uhabeshi na Burma walikuwa wameendesha malori, wametengeneza injini, wamepeleka habari kwa simu. Jeshi lilikuwa limewafundisha na kuwapima. Waliporudi nyumbani waliambiwa wachukue kipande kama vijana wasiojua kazi yo yote. Uchungu wao haukuwa mdogo, na mwaka wa 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa kila rangi. Hapo walowezi nao walilalamika sana walipotakiwa kutia vidole katika wino! Mwishowe wajuao kusoma na kuandika waliruhusiwa kutoa picha na sahihi badala yake.

Lakini Bonde la Ufa lilikuwa bado kuonja. Wakati wa Hali ya Hatari, mwanzoni mwa 1953, Wakikuyu waliofanya kazi mashambani walitakiwa kupigwa picha kwa ajili ya kadi mpya. Maelfu walikataa, wakaondolewa mashamba ambamo wengine walizaliwa, wakapelekwa katika nchi ya Kikuyu wasikokuwa na shamba. Wako waliokuwa mafundi wa miaka ishirini. Ujuzi wao wakaenda nao kichwani, bila karatasi hata moja ya kuushuhudia.

Njia nyingine ilikuwa imeanza mapema, nayo ni ndogo mno kuliko haja. Katika miaka ya 1920 Serikali ilifungua chuo cha ufundi Kabete, vijana wakafundishwa uashi, useremala na uhunzi. Kisha ikatungwa sheria ya mafunzo ya viwandani ya mwaka wa 1959, na baada ya uhuru majaribio ya ufundi yakaenea: daraja la tatu, la pili, na la kwanza. Fundi hufanya kazi mbele ya mtahini kwa vyombo halisi, na hujibu maswali. Mtahini hamlipi mshahara, wala hapati faida akimshusha. Tangu mwaka wa 2011 kazi hiyo imo mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Cheti chenyewe hakisemi fundi alilipwa nini wala aliachana na nani kwa ugomvi.

Hata hivyo usidhani mambo yamekwisha. Mtihani una ada, na kijana wa jua kali aliyejifunza kuchomelea vyuma kwa mjomba wake mara nyingi hana fedha hizo, wala hawezi kuacha kibarua cha siku. Sheria ya mwaka wa 2014 juu ya mfumo wa kitaifa wa sifa imefungua mlango wa kuwapima watu kwa ujuzi walio nao tayari, hata kama hawakuketi darasani. Mimi naupenda mpango huo, ila nasitasita kidogo, maana mwajiri aliyezoea vyeti vya shule aweza kukitazama hiki kwa jicho la pembeni.

Ukipita karakana za Nakuru asubuhi utaona vijana wameketi juu ya sanduku za vifaa, wakingojea. Mwenye nyumba huja na gari lake, huteremka, na kabla ya kuuliza jina la mtu huuliza, “Nani alikufundisha?” Wengine humjibu kwa jina la fundi wao. Mmoja mmoja huingiza mkono mfukoni.