Akina Mama wa Sokoni na Amani ya Wajir

Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ni nchi ya wafugaji, na ugomvi wake wa tangu zamani ni wa visima na malisho. Serikali ya kikoloni iliyagawa malisho hayo kwa koo. Baada ya uhuru mipaka ile ikapata uzito mpya, kwani ukoo uliohesabu malisho kuwa yake ulidai na kiti cha ubunge. Mwaka 1992 mtu wa ukoo wa Degodia alishinda ubunge wa Wajir Magharibi, jimbo ambalo ukoo wa Ajuran uliliona lake. Ukame ulikuwa umeua mifugo, na bunduki zilimiminika kutoka Somalia iliyosambaratika mwaka 1991. Mapigano yakazuka.

Kuitegemea serikali kulikuwa kugumu. Hadi mwaka 1991 eneo hilo lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari, na Februari 1984 wanajeshi waliwaua Wadegodia wengi katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Ni jambo la kusifiwa, basi, kwamba mwanzo wa amani ulitoka kwa raia wenyewe, tena sokoni.

Vita viliingia mjini kwa njia ya biashara: akina mama walianza kubaguana kwa ukoo katika kuuza na kununua. Mwaka 1993 wachache wao, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walikutana na kukubaliana kwamba soko liwe la wote. Wakaweka wasimamizi miongoni mwao, ili mama wa ukoo wowote auze maziwa yake bila kuzuiwa, na fujo ikizuka itatuliwe papo hapo. Kutoka sokoni waliwaendea wazee, na Septemba mwaka huo wazee wa koo walitia saini makubaliano ya amani yaitwayo Azimio la Al Fatah.

Mwaka 1995 juhudi za akina mama, wazee, vijana na viongozi wa dini ziliunganishwa na za serikali katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Habari za wizi wa mifugo au mauaji zilipofika, ujumbe wa mchanganyiko ulikwenda huko kabla ya kisasi kuanza. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, kamati za mfano huo zilienezwa nchini kote.

Hata hivyo kamati haikupewa mamlaka ya kuamua mipaka. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, ushindani wa ardhi na vyeo ulipamba moto upya, na mwaka 2014 Wadegodia na watu wa ukoo wa Garre walipigana mpakani mwa Wajir na Mandera.