UFUNGUO WA BEI RAHISI

Fungueni madaftari yenu, mshike na kalamu. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya biashara moja changa sana, ambayo wengi wenu mmeishi kabla haijazaliwa. Ni biashara ya funguo za michezo ya kompyuta.

Labda yuko mzee mmoja hapo nyuma anayecheka na kusema, "Mimi na michezo ya watoto, wapi na wapi?" Mzee wangu, ngoja kidogo. Je, fedha za mchezo huo hutoka mfukoni mwa nani? Mjukuu akija kukwambia, "Babu, nimeuona mchezo kwa nusu ya bei, nipe fedha upesi kabla haujaisha," basi mnunuzi ni wewe. Na mnunuzi asiyejua anunuacho ni kama mtu anayenunua ng'ombe usiku bila taa.

Kwanza: Ufunguo ni kitu gani?

Ufunguo tunaousema leo si wa chuma. Ni mstari wa herufi na tarakimu zilizochanganywa. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni mfano huu: K7P2M – 4XQ9T – 8LW3B. Wanafunzi, andikeni katika madaftari yenu. Mstari kama huo hauna maana yo yote ukiusoma kwa sauti. Lakini ukiuandika mahali pake katika kompyuta, mchezo hufunguka.

Ufunguo huu ulianzaje? Katika miaka ya 1990, michezo mingi ya kompyuta iliuzwa madukani. Ulinunua boksi, na ndani ya boksi mlikuwa na kisahani king'aacho chenye mchezo. Mwaka 1998 kampani moja ya Marekani, iitwayo Valve, ilitoa mchezo uliokuja kuwa maarufu sana, jina lake Half-Life. Namba ya ufunguo ilikuja pamoja na kisahani. Aliyekuwa na kisahani bila namba hakuweza kuuweka mchezo katika kompyuta yake. Kwa njia hii kampani ilijaribu kuwazuia watu wasinakili visahani ovyo.

Siku zile mtu aliyechoka na mchezo aliweza kumwuzia jirani yake boksi zima, kama auzavyo baiskeli. Jirani alikishika kitu mkononi, akakitazama, akalipa. Kama kisahani kilikuwa kimekwaruzwa, alikiona.

Mwezi wa Septemba mwaka 2003, Valve ilifungua mtambo wake katika intaneti, jina lake Steam. Mwaka 2004 kampani hiyo ilitoa mchezo wa pili, Half-Life 2. Safari hii hata mtu aliyenunua boksi dukani ilimlazimu auandikishe mchezo wake kwa Steam kabla ya kucheza. Baadaye Steam ikawa duka kubwa, na michezo ya kampani nyingine ikauzwa humo pia.

Hapo jambo kubwa lilibadilika. Zamani mchezo ulikuwa katika boksi, na boksi lilikuwa nyumbani kwako. Sasa mchezo umeandikwa katika daftari la duka, mbele ya jina lako. Ufunguo ukitumika mara moja, umekwisha. Haumfai mtu mwingine. Na mwenye daftari anaweza kulifuta jina lako. Shikeni sana jambo hili, maana ndilo shina la somo letu.

Pili: Wachuuzi walitoka wapi?

Valve huwapa watengenezaji wa michezo funguo bila kuwatoza, ili wauze wenyewe mahali pengine wakipenda. Watengenezaji huziuza katika maduka yao, huwapa waandishi wa magazeti ili waujaribu mchezo, na nyingine huzitoa kuwa zawadi. Basi funguo zikatapakaa kila mahali. Na mahali po pote mali ilipotapakaa, wachuuzi hawakawii kufika.

Mwaka 2010 kampani yenye soko moja la namna hii ilianzishwa huko Poland. Jina lake ni G2A. Kuna masoko mengine pia yafanyayo kazi hiyo. Fahamuni jinsi yanavyokwenda. Mwenye soko hudai kwamba yeye si mwenye mali. Amejenga uwanja na kuweka meza tu. Muuzaji ni mtu mwingine, pengine yuko nchi ya mbali, nawe humjui wala humwoni. Mwenye soko hupata ushuru wake kwa kila kinachouzwa.

Ufunguo unaouzwa humo waweza kuwa umepatikana kwa njia nne. Tuzihesabu.

Njia ya kwanza ni ya halali kabisa: mtu alinunua wakati bei imeshuka, akauweka, naye sasa anauza bei ikiwa imepanda. Huo ni uchuuzi kama uchuuzi wa mahindi.

Njia ya pili: mtu alinunua katika nchi ambayo bei ni ndogo, akauza katika nchi ambayo bei ni kubwa. Hapa iko hatari. Baadhi ya funguo zimefungwa kwa nchi fulani. Ukiutumia nchini kwako, haufunguki, na fedha yako imekwenda.

Njia ya tatu: mtu alipewa ufunguo bure kwa hila. Alijifanya mwandishi wa gazeti, akaomba, akapewa, kisha akauuza. Mtengenezaji hapati hata senti.

Njia ya nne ni wizi. Hii nitaieleza polepole.

Tatu: Wizi huu hufanyikaje?

Mwizi ameiba namba za kadi ya benki ya mtu. Hataki kununua shati wala redio kwa kadi hiyo, kwa sababu vitu hivyo hupelekwa kwa anwani, na polisi wanaweza kuifuata anwani. Ananunua funguo za michezo, kwa sababu ufunguo hufika mara moja kwa intaneti, nao hauna uzito wala anwani ya nyumba. Kisha anaupeleka sokoni na kuuza kwa nusu ya bei. Kwake nusu hiyo yote ni faida, maana hakutoa hata senti yake mwenyewe. Wewe unanunua, unafurahi.

Baada ya majuma machache mwenye kadi anaiona hesabu yake ya benki. Anapiga kelele, "Mimi sikununua kitu hiki!" Benki inamrudishia fedha zake. Lakini benki haizitoi fedha hizo mfukoni mwake. Inazichukua kwa aliyeuza mara ya kwanza, yaani mtengenezaji au duka lake. Tena inamtoza ada juu yake. Basi mtengenezaji ameupoteza mchezo, amepoteza fedha, na amelipa ada. Naye ana njia moja ya kujiokoa: kuufuta ufunguo ule. Na ufunguo ule sasa uko mkononi mwako.

Je, mwizi yuko wapi? Amekwisha kwenda zake.

Nne: Mambo yaliyotokea

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2013 watengenezaji wa mchezo uitwao Natural Selection 2, walioko Marekani, walizifuta funguo 1,341. Walisema kwamba zilinunuliwa kwa kadi za wizi. Watu walioamka siku hiyo wakaukosa mchezo walioulipia, wengi wao hawakuwa wamefanya kosa lo lote ila kutafuta bei rahisi.

Mwezi wa Januari mwaka 2015 jambo hilo likatokea kwa kampani kubwa ya Ufaransa, Ubisoft. Iliondoa michezo kama Far Cry 4 kutoka kwa watu walionunua funguo kwa wachuuzi. Kampani ilisema kwamba funguo zile zilikuwa zimenunuliwa kwa udanganyifu. Wanunuzi walilalamika sana. Baada ya siku chache Ubisoft iliwarudishia wale waliokuwa wamekwisha kuanza kucheza. Lakini funguo ambazo zilikuwa hazijatumika zilibaki zimekufa.

Mwaka 2016 kampani ndogo iitwayo tinyBuild ilisema kwamba funguo zake zenye thamani ya dola 450,000 kwa bei ya dukani zilikuwa zimeuzwa katika soko la G2A, nayo haikupata kitu. G2A ilikataa lawama hiyo, ikasema, leteni orodha ya funguo tuzichunguze. Wakabishana hadharani, na wala hawakupatana.

Katikati ya mwaka 2019 mchapishaji mmoja wa michezo wa Uingereza, Mike Rose, alitoa neno lililowashangaza wengi. Aliwaambia watu kwamba kama hawataki kununua mchezo wake mahali pa haki, basi heri wauchukue bure kwa wizi kuliko kuununua kwa G2A. Kwa nini mtu aseme hivyo juu ya mali yake? Kwa sababu anayeuchukua bure hamletei ada ya benki. Ufunguo wa kadi ya wizi humletea hasara mara mbili.

G2A ikajibu kwa ahadi: mtengenezaji atakayethibitisha kwamba funguo zake za wizi ziliuzwa sokoni humo, atalipwa mara kumi ya fedha alizopoteza kwa sababu ya kurudisha malipo. Kampani moja ya mji wa Prague, Wube Software, watengenezaji wa mchezo wa Factorio, ilijitokeza na orodha ya funguo 321. Mwezi wa Mei mwaka 2020 G2A ilikiri kwamba 198 kati ya hizo ziliuzwa katika soko lake, katika mwaka 2016. Ikalipa dola 39,600.

Wanafunzi, chukueni kalamu tufanye hesabu. Gawanyeni 39,600 kwa 198. Mmepata ngapi? Ndiyo, 200. Hiyo ni mara kumi ya hasara. Basi hasara ya kila ufunguo mmoja ilikuwa dola 20. Kumbukeni kwamba mwizi hakulipa hata moja katika hizo.

Tano: Je, wachuuzi wote ni wabaya?

La. Tusiwe watu wa kuhukumu upesi. Katika historia lazima tuzisikilize pande zote. Mwezi wa Januari mwaka 2021 Tume ya Ulaya iliwatoza Valve na kampani nyingine tano faini, jumla yake euro milioni 7.8. Kosa lao lilikuwa kuzifunga baadhi ya funguo, ili mtu aliyenunua katika nchi moja ya Ulaya asiweze kuutumia mchezo katika nchi nyingine ya Ulaya. Basi wenye mali nao wana makosa yao, na mnunuzi atafutaye bei nzuri si mwizi. G2A yenyewe ilitangaza mwaka 2020 kwamba wauzaji wa funguo za michezo sharti wawe wafanyi biashara walioandikishwa. Hiyo ilikuwa hatua njema, ingawa ilikuja miaka 10 baada ya kampani kuanzishwa.

Lakini swali linabaki. Ukiisimamisha baiskeli mpya kichochoroni na kuiuza kwa robo ya bei bila stakabadhi, kila mtu atajiuliza ilitoka wapi. Kwa nini basi tusijiulize hivyo hivyo juu ya ufunguo? Wazee walisema, rahisi inavunja upishi.

Sita: Tufanye nini?

Mjukuu akija na maneno yake ya nusu ya bei, usimfukuze. Mketishe, umwulize maswali matatu. La kwanza: nani anauza, mtengenezaji mwenyewe, au duka alilolichagua, au mtu asiyejulikana? Watengenezaji wengi huandika katika ukurasa wao majina ya maduka waliyoyaruhusu. La pili: ufunguo huu unafanya kazi katika nchi yetu? La tatu: ukikataa kufunguka, au ukifutwa mwezi ujao, nani atatulipa? Kama hana jibu la swali la tatu, basi fedha ikae mfukoni. Duka halali pia hushusha bei mara kwa mara katika mwaka. Mwenye subira atanunua kwa bei ndogo naye atalala usingizi.

Kuna na neno moja la mwisho. Michezo mingi ya namna hii hutengenezwa na watu wachache, pengine watano au sita, waliofanya kazi miaka mingi. Seremala ukimnyima ujira wake, unamwona usoni kesho. Hawa hatuwaoni. Lakini kutomwona mtu hakuondoi haki yake.

Maswali ya darasa

1. Boksi la mwaka 1998 na ufunguo wa leo vinatofautianaje?
2. Kwa nini mwizi wa kadi hupenda kununua funguo kuliko mashati?
3. Mtengenezaji alifuta ufunguo wa wizi, na mnunuzi hakujua. Nani alipwe, na nani alipe? Jadilianeni, kisha kila mmoja aandike mistari mitano.