Kumuuguza mwana aliye mtu mzima baada ya upasuaji
Kwa familia za Ngarama, wilayani Isingiro, yaliko makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyoanzishwa mwaka 1958, upasuaji mkubwa humaanisha rufaa kwenda Mbarara. Wodini, mzazi ndiye humlisha mgonjwa, humwogesha na kumfulia. Hata hivyo, mwana aliyetimiza miaka 18 na mwenye fahamu zake ndiye huridhia upasuaji. Mzazi hushauri tu. Daktari awe ametumia mikono yake au roboti, uuguzaji wa baadaye haubadiliki: kumsaidia mgonjwa atembee mapema kama alivyoelekezwa, ili damu isigande miguuni, kutunza kidonda kiwe safi na kikavu, na kumrudisha hospitalini bila kuchelewa homa ikipanda au usaha ukitoka.