Hati ya Kodi na Uhai wa Lugha: Welisi katika Mwaka 1962

Wataalamu wa lugha wamezoea kutofautisha lugha ya taifa na lugha rasmi. Lugha ya taifa huwatambulisha watu. Lugha rasmi ndiyo inayotumika kuendesha ofisi, mahakama na hazina. Nchini Kenya, kwa mfano, Kiswahili kilikuwa lugha ya taifa kwa miongo kadhaa kabla ya Katiba ya mwaka 2010 kukifanya kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Tofauti hiyo huweza kuonekana kuwa ya kinadharia tu. Hata hivyo, ipo jamii iliyofikia mahali pa kujiuliza iwapo lugha inaweza kuishi bila kuingia ofisini. Jamii hiyo ni Wawelisi, watu wa nchi ndogo ya Welisi iliyo magharibi mwa kisiwa cha Britania, na mwaka ambao swali hilo liliulizwa waziwazi ni 1962.

Hali ya Kiwelisi kabla ya 1962

Sheria ya mwaka 1536 iliyoiunganisha Welisi na Uingereza iliagiza mahakama ziendeshwe kwa Kiingereza, na ikawanyima vyeo vya umma wasiotumia lugha hiyo. Licha ya hayo, Kiwelisi hakikufa. Biblia nzima, iliyotafsiriwa na kasisi William Morgan na kuchapishwa mwaka 1588, ilikipa hadhi kanisani na msingi imara wa lugha ya maandishi. Kwa karne nyingi Wawelisi walisali, wakaimba na kushindana kwa mashairi katika lugha yao, lakini walipofika mbele ya hakimu au karani walilazimika kubadili lugha.

Mgawanyo huo wa matumizi ulidumu muda mrefu, lakini katika karne ya 20 ulianza kuvunjika. Sensa ya mwaka 1911 ilihesabu wasemaji wapatao 977,000, yaani zaidi kidogo ya asilimia 43 ya watu. Kufikia mwaka 1951 walikuwa wamebaki wapatao 715,000, karibu asilimia 29. Wahamiaji wengi walikuwa wameingia katika maeneo ya viwanda na migodi, shule zilifundisha zaidi kwa Kiingereza, na wazazi wengi waliona kwamba Kiingereza ndicho kitakachompatia mtoto kazi.

Aidha, mwaka 1957 Bunge la London lilipitisha sheria iliyouruhusu mji wa Liverpool, ulioko Uingereza, kujenga bwawa katika bonde la Tryweryn na kukizamisha kijiji cha Capel Celyn, ambacho wakazi wake walizungumza Kiwelisi. Hapana hata mbunge mmoja wa Welisi aliyeiunga mkono sheria hiyo, lakini ilipita. Mwaka 1962 ulipoanza, ujenzi ulikuwa ukiendelea.

Mhadhara wa Februari

Tarehe 13 Februari 1962, BBC ilirusha hewani mhadhara wake wa mwaka kwa Kiwelisi. Mhadhiri alikuwa Saunders Lewis, mwandishi wa tamthilia na mhakiki wa fasihi, mwenye umri wa miaka 68. Alikuwa mmoja wa waasisi wa chama cha Plaid Cymru mwaka 1925. Mwaka 1936 yeye na wenzake wawili walichoma moto majengo ya kituo cha mafunzo ya kijeshi ya anga huko Penyberth, kitendo kilichomfanya afungwe gerezani na kupoteza kazi yake ya chuo kikuu.

Mhadhara huo uliitwa Tynged yr Iaith, yaani "Hatima ya Lugha". Matokeo ya sensa ya mwaka 1961 yalikuwa hayajatangazwa, na Lewis alichagua kusema kabla ya takwimu hizo kutoka. Alitabiri kwamba mwelekeo uliokuwapo ukiendelea, Kiwelisi kingekoma kuwa lugha hai mwanzoni mwa karne ya 21. Takwimu zilipotangazwa, zilionyesha kwamba wasemaji wamepungua hadi wapatao 656,000, asilimia 26 ya watu.

Lewis aliieleza sera ya serikali tangu mwaka 1536, lakini hakuishia kuwalaumu watawala. Aliwageukia Wawelisi wenyewe, na mfano wake mkuu ulihusu hati ya kodi. Katika kijiji cha Llangennech, karibu na Llanelli, waliishi Trefor Beasley, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Eileen. Kuanzia mwaka 1952 walikataa kulipa kodi ya nyumba hadi halmashauri iwaletee hati ya madai kwa Kiwelisi. Walifikishwa mahakamani zaidi ya mara kumi, na madalali wa mahakama walichukua samani zao zaidi ya mara moja. Mwaka 1960 halmashauri ilisalimu amri na kutoa hati kwa lugha mbili.

Uzito wa kisa hicho ni kwamba Llanelli ilikuwa eneo la Wawelisi. Wakazi wengi wa wilaya ile, wakiwamo wale walioiongoza halmashauri, walikuwa wasemaji wa Kiwelisi. Waliomnyima Beasley hati hiyo walikuwa majirani zake, watu waliozoea kuamini kwamba karatasi ya serikali haiandikwi kwa lugha ya nyumbani. Lewis alitaka kisa hicho cha nyumba moja kiwe mkakati wa watu wote: katika maeneo ya wasemaji, shughuli za serikali zisiwezekane bila Kiwelisi. Alikwenda mbali zaidi na kudai kwamba kujitawala kabla ya kuirasimisha lugha kungeharakisha kifo chake.

Matokeo yake

Lewis alikilenga chama chake, lakini chama kilikuwa na uchaguzi wa kupigania, na sehemu kubwa ya wapiga kura haikujua Kiwelisi. Walioupokea wito wake walikuwa zaidi vijana. Mwezi Agosti 1962, wakati wa mafunzo ya kiangazi ya chama huko Pontarddulais, kiliundwa Cymdeithas yr Iaith Gymraeg, yaani Chama cha Lugha ya Kiwelisi. Makatibu wake wa kwanza walikuwa John Davies na Tedi Millward. Tarehe 2 Februari 1963 wafuasi wake, wengi wao wanafunzi, walifunga daraja la Trefechan mjini Aberystwyth wakidai hati za wito wa mahakama kwa Kiwelisi. Sheria ya Lugha ya Kiwelisi ilipitishwa mwaka 1967, nyingine ikafuata mwaka 1993, na mwaka 2011 Kiwelisi kikatambuliwa na sheria kuwa lugha rasmi nchini Welisi.

Hata hivyo, si haki kuusimulia mwaka 1962 kwa mhadhara peke yake. Mwezi Septemba mwaka huohuo ilifunguliwa Rhydfelen, karibu na Pontypridd, shule ya kwanza ya sekondari kusini mwa Welisi kufundisha kwa Kiwelisi. Ilifunguliwa katika eneo la viwanda ambako lugha hiyo ilikuwa imetoweka katika nyumba nyingi. Kazi yake haikuwa na kelele za darajani, lakini ililijibu swali ambalo hati ya kodi haiwezi kulijibu: nani ataisoma hati hiyo kizazi kijacho? Kwa upande mwingine, shule peke yake haimwelezi kijana atakitumia wapi Kiwelisi akishahitimu.

Utabiri wa Lewis haukutimia kama alivyoutoa. Sensa ya mwaka 2001 ilihesabu wasemaji wapatao 582,000, asilimia 20.8. Lakini ile ya mwaka 2021 ilipata wapatao 538,000, asilimia 17.8, pamoja na kwamba kufikia wakati huo hati za serikali zilikwisha kupatikana kwa Kiwelisi. Madai ya familia ya Beasley yalikuwa yametimizwa nchi nzima. Mwaka 1962 karatasi ya Kiwelisi ndiyo iliyokosekana; miaka 60 baadaye karatasi ilikuwapo, na kazi iliyobaki ilikuwa kumpata wa kuisoma.