Nani Kaua, Nani Atakufa

Kwenye meza yangu ya vitabu vya mitumba, wapelelezi Bwana Msa na Willy Gamba hawakai safu moja. Walimu ndio hushangaa zaidi, kwa kuwa darasani wote wawili huingizwa chini ya kichwa kimoja: riwaya ya upelelezi. Wasomi wa vyuo vikuu nao wana kapu kubwa kuliko hilo, riwaya pendwa, ambamo hutupia upelelezi, mapenzi, vituko na chochote ambacho watu hukinunua bila kulazimishwa na mtihani. Mimi siwezi kuuza kwa kapu. Akija kijana na kusema, "Shikamoo mzee, una hadithi za upelelezi?" namwitikia, kisha namuuliza: unataka ya nani kaua, au ya nani atakufa? Akishajibu najua mkono wangu uende upande gani.

Hadithi ya fumbo huanza mambo yakiwa yamekwisha. Maiti imeshalala, muuaji ameshanawa mikono, na kazi iliyobaki ni kurudi nyuma. Ya taharuki inatazama mbele: bomu limetegwa, tunajua nani kalitega, saa zinakwenda. Ya jinai haishughuliki sana na fumbo wala saa. Inamtazama mhalifu na mji uliomlea, na mara nyingi tunamjua tangu ukurasa wa kwanza. Mipaka hii huvukwa kila siku. Lakini anayetaka fumbo ukimpa taharuki, kesho atakirudisha kitabu na kudai hela yake.

Fumbo ndilo lenye sheria kali. Mmarekani Edgar Allan Poe alilianzisha mwaka 1841 kwa mauaji ndani ya chumba kilichofungwa, na mwaka 1887 Arthur Conan Doyle akamleta Sherlock Holmes. Mwaka 1929 padri mmoja wa Kikatoliki huko Uingereza, Ronald Knox, aliyekuwa akiandika riwaya za aina hii mwenyewe, akatoa amri kumi. Mhalifu atajwe mapema. Mpelelezi asiuone ushahidi ambao msomaji hakuonyeshwa. Njia ya siri ndani ya nyumba isizidi moja. (Amri ya tano, inayowahusu Wachina, leo inatia aibu kuisoma.) Na amri ya pili: nguvu za mizimu na miujiza zisiingizwe kabisa.

Hapo ndipo Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipowapiga chenga Waingereza. Mzaliwa huyu wa Makunduchi, mwaka 1918, alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, alishika nafasi ya kwanza, na mwaka 1960 kazi hiyo ikatoka kitabu: Mzimu wa Watu wa Kale. Tajiri ameuawa na maiti yake imekutwa penye mzimu. Yaani jambo ambalo padri Knox alilipiga marufuku limewekwa mlangoni, kila anayeingia akutane nalo. Kisha anakuja Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum, kuthibitisha kwamba mzimu haukuua mtu; ameua binadamu, kwa sababu za kibinadamu. Sheria imetiiwa, ila kwa njia ambayo mwandishi wa London asingeweza kuifuata, maana msomaji wake hakuwa na mzimu wa kuuogopa. Abdulla alirudia mchezo huo mwaka 1968 katika Kisima cha Giningi, na kila Mpemba anajua jina Giningi linavyohusishwa na wachawi.

Watu husema Msa ni Holmes aliyevalishwa kanzu. Kiko ni cha Holmes, nakubali, na Inspekta Seif anachelewa kuelewa kama wenzake wa London. Lakini Holmes anapata habari kwenye majivu ya sigara na nyayo za viatu. Msa anazipata kwa mazungumzo: nani mtoto wa nani, nani aliachika kwa nani, nani alizaliwa wapi na akalelewa na nani. Siri kubwa katika vitabu vya Abdulla ni nasaba. Hata majina ya vile vya baadaye yanaelekea huko, kama Mke Mmoja Waume Watatu wa mwaka 1975. Waingereza walihitaji jumba la shambani lililozungukwa na theluji ili wahusika wasitoke; Unguja ilikuwa na bahari, na ilikuwa na baraza, ambako hakuna mtu asiyejulikana. Jina la Msa nalo ni herufi za kwanza za majina matatu ya mwandishi. Sijaona mwingine wetu aliyejiweka waziwazi hivyo ndani ya mchezo wake.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yalipita, na Msa akaendelea kutembea Unguja ileile ya zamani. Wapo wanaomlaumu Abdulla kwa hilo. Mimi naona fumbo lenyewe lilimfunga: linataka jamii iliyotulia, yenye ngazi na heshima zake, ili mauaji yawe doa la kufutwa. Jamii inayopinduliwa haina nafasi ya kutafuta doa moja.

Bara mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na jina tu linatosha kukuonyesha tumehama. Mzimu umekuwa simu. Mpelelezi si bwana mwenye wasaa wake, ni askari, Inspekta Wingo, anayelipwa mshahara. Mji umejaa wageni wasiojuana, na ujirani hauwezi tena kukuambia nani ni nani. Marekani walikuwa wamepita njia hiyo katika miaka ya 1920, pale jarida la Black Mask lilipowatoa wauaji sebuleni kwa matajiri na kuwapeleka mtaani, na Dashiell Hammett, aliyewahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, akaandika Red Harvest mwaka 1929 juu ya mji mzima uliooza.

Jinai iliyo tupu, isiyo na mpelelezi, sisi tunayo, ila tumeificha kwenye rafu ya fasihi ya heshima. Chukua Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972. Mzee tajiri, msichana, na laghai anayewazunguka wote wawili kwa ajili ya fedha. Tunamjua laghai, tunamwona akipanga, na mvuto wote ni kumtazama tamaa inamfikisha wapi. Ingeandikwa Paris, ingeuzwa yenye jalada jeusi kituoni mwa treni. Hapa imepewa watoto wa shule waitafutie dhamira.

Sasa Gamba. Ili umwelewe inabidi ukumbuke Dar es Salaam ilikuwa mji gani. Tangu mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walikuwa na ofisi mjini, walikunywa chai kwenye mikahawa ileile ya makarani, na majasusi wa wakoloni waliwafuata. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alifungua kifurushi kilicholetwa kwa posta. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Akafa papo hapo. Msomaji wa Dar hakuhitaji kuelezwa taharuki ni nini.

Miaka mitano baadaye, 1974, Aristablus Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, na Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata kabla hazijafika kwa adui. Hakuna anayejisumbua kuuliza adui ni nani. Tulikuwa tunamsikia redioni kila jioni. Swali ni kama Gamba atawahi. Aprili ya mwaka huohuo wanajeshi wa Ureno waliipindua serikali yao huko Lisbon, na mwaka uliofuata Msumbiji na Angola zikawa huru. Kikosi cha Kisasi kikafuata mwaka 1979, na humo Gamba yuko Kinshasa.

Hii ni hadithi ya kijasusi, mtoto wa taharuki, na kila mtu humtaja James Bond. Suti, bastola, hoteli na warembo vimetoka huko, sina ubishi, na baadhi ya kurasa za warembo nimezisoma upesi kwa haya. Tofauti iko kwa mwajiri. Bond alizaliwa mwaka 1953, Uingereza ikipoteza makoloni, na kazi yake kubwa ni kulinda kilichobaki. Gamba analinda nchi ambazo bado hazijapatikana. Ndiyo maana mhakiki anayempima Musiba kwa amri za fumbo, akilalamika kwamba muuaji anajulikana mapema na mpelelezi hafikiri, anapima samaki kwa futi.

Kisha ikaja njaa ya miaka ya 1980: maduka matupu, karatasi adimu, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi. Adui sasa alikuwa jirani mwenye gunia la sukari chini ya kitanda. Ben Mtobwa, aliyekuwa pia mchapishaji kupitia Heko, alimleta Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea, na mwenzake Nuru. Kiango anaweza kuanza na fumbo, akapita kwenye jinai, akamalizia kwa taharuki katika kitabu kimoja, na hata serikali haimwamini sana. Dar es Salaam Usiku, ya mwaka 1990, nikiipata haikai mezani siku mbili. Ni jinai ya mji: fedha inatoka wapi, na nani analala wapi.

Aina ambayo sijaipata ni ya kituo cha polisi chenyewe. Mmarekani Ed McBain alianza mfululizo wake mwaka 1956, na Wasweden Maj Sjöwall na Per Wahlöö waliandika riwaya kumi kati ya 1965 na 1975: askari kadhaa, hakuna shujaa, makaratasi, gari bovu, miezi ya kungoja. Sisi tumewafanya askari wawe wa kuchelewa, ili Msa au Kiango aonekane hodari. Na mali ghafi tunayo tele. Kuna sampuli inayosubiri majibu kwa Mkemia Mkuu, shahidi aliyehama mkoa, mwendesha mashtaka anayesimama kumwambia hakimu kwamba upelelezi bado haujakamilika, na mshtakiwa anayerudishwa rumande hadi tarehe nyingine. Anayeiandika hiyo aniletee. Nitaipangia safu yake.